Mkono Kwanza, Mguu Baadaye: Mwongozo wa Kuamua Kosa la Kutembea na Mpira

Mwongozo huu ni wa marefa wa mpira wa kikapu wanaofanya kazi kisiwani Mombasa: wanaochezesha mechi za ligi katika ukumbi wa Makande wa Mamlaka ya Bandari, wanaosimamia mashindano ya shule, na wanaoitwa Jumamosi jioni kuamua mechi ya mtaa kwenye uwanja wa saruji wenye pete iliyolegea na mistari iliyofutika. Unahusu kosa moja tu, kutembea na mpira. Nimelichagua kwa sababu ndilo linalopigiwa kelele nyingi zaidi na ndilo linaloamuliwa vibaya mara nyingi zaidi. Na kwa niliyoyaona katika miaka yangu ya kushika filimbi, chanzo cha uamuzi mbaya karibu kila mara ni kimoja: refa ameanza kuhesabu hatua kabla ya wakati wake.

Nilijifunza hili kwa gharama ya wengine. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, nilichezesha mechi ya shule iliyofika dakika ya mwisho timu zikiwa karibu sawa. Kijana mmoja alipenya upande wa kulia akidunda, akaukusanya mpira kwenye mstari wa mitupo huru, akapiga hatua mbili ndefu na kufunga. Umati ukapiga ukelele, "Katembea huyo, refa!" nami nikapuliza. Kikapu kikafutwa, shule yake ikashindwa kwa pointi moja. Baada ya mechi, kocha mmoja mzee aliyekuwa amekaa tu kutazama alinijia akanisalimu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe uliuona mpira ulipokamatwa?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeiona miguu, tena miguu peke yake.

Swali la mzee yule ndilo msingi wa yote yatakayofuata hapa.

Maneno tutakayotumia

Tukubaliane kwanza juu ya maneno, maana ubishi mwingi viwanjani hutokana na watu wawili kutumia neno moja kwa maana mbili. Kudunda ni kuupiga mpira chini kwa mkono mmoja. Kuushika mpira ni pale unapotulia katika mkono mmoja au miwili, au unapoguswa na mikono yote miwili kwa pamoja; hapo kudunda kumekwisha. Mguu ambao mchezaji haruhusiwi kuuondoa mahali pake wachezaji wengi huuita pivoti. Mimi hapa nitauita mguu wa nanga, kwa kuwa kazi yake ni ileile. Chombo kilichotia nanga huweza kuzunguka kufuata upepo na maji, lakini nanga yenyewe imekaa palepale chini. Mchezaji naye huweza kuugeuza mwili huku na huku, na mguu wa pili kuusogeza mara nyingi apendavyo, maadamu ule wa nanga haujahama.

Kutembea na mpira, basi, ni kuusogeza mguu mmoja au yote miwili kinyume cha sheria, kuelekea upande wowote, wakati mchezaji ameushika mpira ulio hai. Zingatia maneno "ameushika mpira". Asiyeushika mpira hatembei nao, hata akikimbia uwanja mzima wa mita 28. Mchezaji anayedunda anaweza kupiga hatua kumi kati ya mdundo na mdundo. Aliyeponyokwa na mpira kwa bahati mbaya akaukimbiza, hana hatua ya kuhesabiwa mpaka aupate tena. Mtazamaji anayesema "amepiga hatua tano" huenda anasema kweli tupu, na bado kosa likawa halipo.

Sheria hii imetoka wapi

Refa akijua sheria ilizaliwa kwa haja gani, huitumia kwa utulivu zaidi. James Naismith alipoubuni mchezo huu mjini Springfield, Marekani, mwezi Desemba 1891, aliandika kanuni 13 tu. Ya tatu ilisema kwamba mchezaji hawezi kukimbia na mpira. Ni lazima aurushe kutoka pale alipoudakia. Lakini papo hapo, katika kanuni hiyohiyo, aliweka nafuu kwa mchezaji anayeudaka akiwa katika mbio: huyo aachiwe nafasi ya kusimama. Kudunda hakukuwamo katika kanuni zile, kulizuka baadaye wachezaji walipotafuta njia ya kusonga bila kuvunja katazo.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sheria ilitambua hali mbili, mtu aliyesimama na mtu aliye mwendoni. Mwili ulio katika mbio hauwezi kugandishwa ghafla kwa amri. Yote yaliyoongezwa tangu wakati huo ni jitihada ya kueleza kwa usahihi aliye mwendoni apewe nafuu kiasi gani. Shirikisho la dunia, FIBA, lililoundwa Geneva mwaka 1932, liliibadilisha sehemu hiyo ya sheria mwaka 2017, na sheria mpya ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Refa anayehesabu kwa desturi ya kabla ya hapo anawanyang'anya vijana vikapu vya halali.

Mchezaji aliye mwendoni

Hapa ndipo penye uzito, na naomba tupakae kwa muda.

Mchezaji anayeudaka mpira akiwa anakwenda, au anayemaliza kudunda akiwa anakwenda, anaruhusiwa hatua mbili za kusimama, kutoa pasi au kurusha kikapuni. Swali ni je, hatua ya kwanza ni ipi? Sheria inajibu kwamba hatua ya kwanza ni pale mguu mmoja au yote miwili inapogusa sakafu baada ya mpira kushikwa. Baada ya kushikwa. Mguu uliokuwa tayari umekanyaga sakafu wakati mpira unashikwa hauhesabiwi. Wengi sasa huuita hatua sifuri, na jina hilo linafaa.

Chukua mfano. Mchezaji anapenya akidunda kwa mkono wa kulia. Mguu wake wa kulia umekanyaga, na papo hapo mpira unatulia mikononi. Huo wa kulia ni sifuri. Anakanyaga wa kushoto, moja. Anakanyaga wa kulia, mbili. Anaruka na kuuachia mpira. Halali kabisa. Refa aliyeutazama mguu wa kulia bila kuutazama mkono amehesabu moja, mbili, tatu, na amepuliza. Macho yake hayakumdanganya kuhusu idadi ya miguu iliyokanyaga. Yamemdanganya kuhusu mahali pa kuanzia.

Sasa ugeuze mfano huo. Mchezaji yuleyule anaushika mpira akiwa hewani kidogo, miguu yote imeachana na sakafu. Anakanyaga kulia: hiyo ni moja, maana mpira ulikwisha kushikwa. Anakanyaga kushoto, mbili. Akikanyaga kulia tena kabla ya kuuachia, ametembea. Kwa mtazamaji wa jukwaani mienendo hii miwili inafanana. Tofauti yake ni sehemu ndogo ya sekunde, na wewe ndiye uliyewekwa pale kwa ajili ya sehemu hiyo ndogo.

Kwa sababu hiyo nawafundisha marefa vijana neno moja la kusema kimoyomoyo: "sasa". Mpira unapotulia mkononi, sema sasa. Kisha macho yashuke miguuni: moja, mbili. Kama neno "sasa" halijasemwa, hakuna moja. Mkono kwanza, mguu baadaye. Ukishindwa kulisema "sasa" kwa sababu mgongo wa mchezaji mwingine ulikuziba, basi hukuona kosa, na filimbi ikae kimya. Refa hapulizi anachokikisia.

Kuna mambo mawili ya kuongeza hapa. La kwanza: aliyepokea mpira akiwa mwendoni, na anataka kuanza kudunda, sharti auachie mpira kabla ya hatua yake ya pili. Nafuu ya hatua mbili kamili ni ya kusimama, kutoa pasi au kurusha. La pili: baada ya kuushika mpira, mchezaji haruhusiwi kugusa sakafu mara mbili mfululizo kwa mguu uleule, wala kwa miguu yote miwili. Kuruka kimguu, kushoto kisha kushoto tena, ni kosa hata kama hesabu yako ya hatua haijazidi mbili. Hili hupita bila kuonekana mara nyingi, hasa mchezaji anapoyumba baada ya kugongana na mlinzi.

Kutua kwa miguu miwili

Kutua kwa miguu miwili kwa pamoja huwasumbua hata wakongwe, kwa kuwa matokeo yake hutegemea kilichotangulia. Mchezaji akitua kwa miguu yote miwili kwa wakati mmoja katika hatua yake ya kwanza, ana hiari ya kuchagua mguu wowote uwe nanga. Ule anaouacha chini anaponyanyua mwingine ndio nanga. Lakini akikanyaga kwanza mguu mmoja, kisha akaruka kwa mguu huo na kutua kwa miguu yote miwili pamoja, hatua zake mbili zimekwisha. Anaweza kurusha au kutoa pasi, ila hana mguu wa kuzungukia. Mguu wowote ukinyanyuka baada ya hapo, usirudi chini kabla mpira haujatoka mkononi.

Yote haya yanaturudisha kwenye "sasa". Ukijua mpira ulishikwa lini, utajua kama kule kutua kulikuwa hatua ya kwanza au ya pili. Usipojua, hakuna kanuni itakayokusaidia.

Mchezaji aliyesimama

Nimesema wengi hupuliza mapema mno kwa aliye mwendoni. Kwa aliyesimama hali ni kinyume: kosa lipo wazi na filimbi haisikiki.

Mchezaji amepokea mpira akiwa amesimama, miguu yote chini. Akinyanyua mguu mmoja, ule uliobaki ndio nanga. Akitaka kuanza kudunda, mguu wa nanga usinyanyuke kabla mpira haujatoka mkononi. Tazama sasa mchezaji mwepesi wa pembeni anapomhadaa mlinzi wake: anauyumbisha mwili, anajirusha mbele, na kisigino cha mguu wa nyuma kinaondoka, kisha vidole vinaondoka, na mpira bado umo mkononi. Hilo ni kosa. Mlinzi ameachwa nyuma kwa nusu hatua ambayo mshambuliaji hakustahili kuipata. Kisigino kunyanyuka peke yake si kosa, maana mguu bado umegusa sakafu. Mguu mzima ukiondoka kabla ya mpira, hilo ni kosa.

Mimi nalihesabu kosa hili kuwa baya kuliko lile la hatua ya tatu chini ya kikapu, na sababu yangu ni rahisi. Hatua ya tatu chini ya kikapu mara nyingi ni ya kuyumba na haimpi mtu faida kubwa. Huku kuanza kwa wizi kunaamua mchezo mzima: mlinzi akikosa ulinzi wa sheria mara tatu, huanza kushika na kusukuma, faulo zinaongezeka na hasira inapanda. Mechi nyingi zinazoharibika robo ya tatu ziliharibiwa na filimbi ambayo haikulia robo ya kwanza. Liamue mapema. Lipulize mara mbili katika dakika tano za mwanzo na wachezaji wenyewe watajirekebisha.

Mwenye nanga anayetaka kurusha au kutoa pasi ana sheria tofauti. Yeye anaruhusiwa kuunyanyua mguu wa nanga, mradi usirudi chini kabla ya mpira kutoka. Ndiyo maana mchezaji mrefu aliye chini ya kikapu anaweza kumdanganya mlinzi aruke, akapita ubavuni mwake kwa mguu wa pili, akaunyanyua ule wa nanga na kurusha. Umati wote utasimama. Hajatembea.

Yanayoonekana kosa na si kosa

Vijana wetu hutazama ligi za Marekani na Ulaya kwenye simu, na wanayoyaona usiku wanayajaribu uwanjani asubuhi. Refa asiyeyafahamu mambo hayo huishia kuuadhibu ustadi.

Kwanza kuna zile hatua mbili za kwenda pembe mbili, moja kushoto na moja kulia, mchezaji akimkwepa mlinzi baada ya kumaliza kudunda. Mwenye kupita Ndia Kuu, katika Mji wa Kale, akakutana na mkokoteni uliojaza njia, anakwenda vivyo hivyo: hatua ya ubavuni, kisha hatua ya kurudi katikati. Sheria haisemi hatua mbili ziwe katika mstari ulionyooka. Haisemi pia ziwe fupi wala ziwe za haraka. Mwendo wa taratibu wenye hatua ndefu huonekana kama nyingi, nawe hesabu tu.

Kuna kule kuzunguka: mchezaji anakita mguu, anageuza mgongo kwa mlinzi, anatokea upande wa pili. Kama mguu uliokitwa ulikuwa chini mpira uliposhikwa, huo ni sifuri na anazo mbili mbele yake. Kama alizunguka kwanza huku mpira umetulia mkononi kwa muda, chunguza: huenda alikwisha kuushika zamani, na mdundo wowote utakaofuata ni kosa la kudunda mara ya pili.

Na kuna mpira uliorushwa kikapuni ukakosa hata pete, kisha mrushaji mwenyewe akauwahi. Watu hulalamika sana hapa. Ukiridhika kwamba ulikuwa mrusho wa kweli wa kutafuta kikapu, mchezo uendelee. Mchezaji aliyeruka kurusha, mlinzi akatia mkono kwenye mpira, wakatua wote wawili wameushikilia kwa nguvu, naye hajatembea. Huo ni mpira wa kushikiliana, na mshale wa zamu mezani utaamua nani aupate.

Nguo iliyopepea, mpira uliotikisika, mwili uliokwenda upogo: hakuna hata kimoja kati ya hivi kilicho kosa. Mwendo usiopendeza si mwendo uliokatazwa.

Kuanguka

Sakafu ya saruji haina huruma, hata hivyo vijana hujitupa kuufuata mpira. Kanuni ni fupi. Kuanguka na mpira mkononi, na kuserereka kwa nguvu ya mbio, ni halali. Kuupata mpira ukiwa umelala au umekaa chini ni halali. Kubingirika nao, au kujaribu kusimama nao mkononi, ni kosa. Aliye chini na mpira anaweza kutoa pasi au kurusha. Wape wachezaji wenzake nafasi ya kuupokea, usikimbilie kupuliza eti kwa sababu tu kuna mtu ameanguka.

Hali ya uwanja

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Ukumbini Makande kuna sakafu na paa. Nje ya hapo, viwanja vingi vya kisiwa viko wazi, karibu na bahari, na hewa yetu ni ya unyevu mwaka mzima. Asubuhi saruji ina umande. Upepo wa kusi huleta vumbi na mchanga, na masika huacha madimbwi yanayokauka juu na kubaki na utelezi chini. Katika hali hiyo mguu wa nanga unaweza kuteleza nusu mita bila mwenyewe kutaka. Sheria inautazama mguu, haiulizi nia, na utajikuta unamwadhibu mtoto kwa kosa la fagio ambalo halikupitishwa.

Dawa yake iko kabla ya mechi. Mamlaka ya refa huanza dakika 20 kabla ya muda uliopangwa wa kuanza mchezo, na dakika hizo si za kupiga soga. Tembea uwanja wote kwa miguu yako, ukiburuta soli, hasa chini ya pete zote mbili na pale kwenye kilele cha mstari wa pointi tatu ambako wapenyaji huanzia. Penye mchanga pafagiliwe, penye maji papanguswe, na wakati wa mapumziko parudiwe. Mistari iliyofutika ichorwe upya hata kwa chaki. Kama mahali pamekuwa pa hatari na haparekebishiki, waambie makocha wote wawili kabla ya mchezo, wakiwa pamoja, ili lisije likawa neno jipya katika robo ya nne.

Wapi usimame

Macho mazuri mahali pabaya hayaoni. Mechi zetu nyingi huchezeshwa na marefa wawili, mmoja akitangulia hadi mstari wa mwisho na mwingine akifuata nyuma ya mpira. Anayefuata ndiye mwenye miguu ya mpenyaji tangu anapoanza kudunda. Asisimame nyuma yake moja kwa moja, maana mgongo utaficha mikono, na bila mikono hakuna "sasa". Ajisogeze pembeni hatua mbili au tatu hadi aone nafasi kati ya mshambuliaji na mlinzi. Aliyetangulia ndiye mwenye miguu ya wale warefu walioupa mgongo ubao. Naye pia asogee kwenye mstari wake, asijigandamize kwenye nguzo.

Kabla ya mechi kubalianeni waziwazi: mchezaji akipenya kutoka eneo lako kuingia langu, nani anabaki na hesabu? Ushauri wangu ni kwamba aliyeona mpira ukishikwa ndiye aendelee kuhesabu hadi mwisho. Hesabu iliyoanzwa na mtu mmoja ikamaliziwa na mwingine haina mwenyewe. Ligi inapotoa marefa watatu, kazi hupungua, lakini kanuni hiyo ibaki.

Wakati mwingine faulo na kutembea huja pamoja. Uliza kipi kilitangulia. Mchezaji aliyesukumwa kisha akapiga hatua ya ziada kwa sababu ya msukumo, faulo ndiyo ya kwanza nayo ndiyo inayoamuliwa. Kama alikuwa katika kitendo cha kurusha, akafanyiwa faulo, kisha akatembea na mpira ukaingia, kikapu hakihesabiwi, lakini mitupo yake huru anapewa.

Ishara na maneno

Ukipuliza, simama. Inua mkono mmoja juu, kiganja wazi, vidole pamoja, saa isimame. Ngumi iliyofungwa ni ya faulo, usizichanganye. Kisha zungusha ngumi mbili moja juu ya nyingine mbele ya kifua, kama mtu anayekunja uzi. Kisha onyesha kwa kidole upande mchezo unakokwenda, sambamba na mstari wa pembeni. Fanya kwa utaratibu huo, bila haraka wala mbwembwe. Mpira huingizwa na timu pinzani kutoka mahali palipo karibu na kosa lilipotokea, isipokuwa nyuma ya ubao moja kwa moja.

Kapteni ana haki ya kukuuliza kwa adabu wakati mpira umekufa na saa imesimama. Mjibu kwa sentensi moja yenye mguu ndani yake. "Mguu wa kushoto ulinyanyuka kabla ya mpira kutoka" ni jibu. "Mimi ndiye refa" si jibu. Kama huwezi kuutaja mguu, jua kwamba hukuwa na uamuzi tangu mwanzo, na hilo liwe funzo la mechi ijayo.

Kelele za mji huu mnazijua. Watu wa Mombasa wanaupenda mchezo kwa sauti, na jukwaa lililo mita mbili kutoka mstarini halina siri. Usimpulizie mchezaji kwa kuwa jukwaa limeomba, na baada ya kukosea usitafute kosa la upande wa pili ili kusawazisha. Makosa mawili ya refa hayafuti moja. Timu mbili zimedhulumiwa badala ya moja.

Mazoezi

Marefa wengi hufanya mazoezi ya mbio na hawana mazoezi ya macho. Nenda uwanjani siku ya mazoezi ya timu yoyote, omba ruhusa kwa kocha, simama pembeni bila filimbi. Kila mpira unapotulia mkononi mwa mpenyaji, sema "sasa" kwa sauti. Wiki ya kwanza utachelewa kila mara. Baadaye neno na mkono vitakutana. Kisha ongeza "moja, mbili". Tafuta pia mtu akurekodie mechi unazochezesha kwa simu, na usiku uzitazame polepole, ukisimamisha picha pale mpira unaposhikwa tu. Andika idadi ya filimbi ulizopuliza kwa kosa hili, ngapi zilikuwa sahihi, na ngapi zilihitajika lakini hukupuliza. Ukizipitia peke yako ni vizuri, ukizipitia na mwenzako mliyechezesha naye ni bora zaidi.

Neno langu la mwisho liwafikie wakongwe wa filimbi kisiwani. Vijana wanaojitokeza kuchezesha mechi za mitaa mara nyingi wamepewa filimbi na jezi, wakaachwa wajifunzie katika matusi ya jukwaa. Mechi yako ijayo, mchukue mmoja wao, mje naye dakika 20 kabla, mtembee uwanja pamoja, na baada ya mchezo umuulize lile swali nililoulizwa mimi: uliuona mpira ulipokamatwa?